Hodi ya Kwenye Kioo

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Otari Gelbakhiani, Naibu Meya wetu. Mkutubi wetu Irma. Na majirani nyote mliopanda mlima huu na tope lake, hamjambo!

KARIBU

Sisi akina mama na mabibi wa chumba cha kompyuta, maktaba ya kijiji chetu cha Zemo Nakhuri, tunakukaribisha kwa mikono miwili. Tunajua umekuja kutufungia chumba. Karibu hivyo hivyo. Mkate wa mahindi umo jikoni, na jibini ipo, na hakuna atakayekunyima chakula kwa sababu ya kufuli lililomo mkobani mwako.

TULIKOTOKA

Chumba hiki kilianza mabinti zetu walipokwenda Italia kulea wazee wa watu. Bibi Tsiuri, yule pale safu ya mbele mwenye kitambaa cheusi, ndiye aliyejifunza kompyuta kabla yetu sote. Nyumbani hana mtandao, na simu yake ni kitochi. Kila Jumapili huja hapa, akakaa mbele ya kioo cha kompyuta, na binti yake Khatuna akatokea kutoka Bari, huko Italia. Hugombana kuhusu chumvi na presha, kisha hulia wote wawili, kisha huagana. Hicho ndicho kinachomfikisha Jumapili nyingine.

YALIYOTUSIBU

Hapa hatufichi kitu. Kivinjari chetu, yaani ile programu ya kufungulia mtandao, kilikuwa kikuukuu, hakijasasishwa tangu kiwekwe. Siku moja Tsiuri alikuwa anatafuta dawa ya wadudu wa nyanya. Kikaruka kidirisha: "Tunaomba ruhusa. Ruhusu au Zuia?" Akabonyeza Ruhusu. Kikaja kingine, Ruhusu. Na kingine. Mgeni rasmi, wewe nawe umezaliwa milima hii hii, unajua tulivyolelewa: anayebisha hodi hafukuzwi.

Irma alipokuta kioo kimejaa madirisha alishika kichwa. "Bibi, kwa nini umewaruhusu wote hawa?"

"Si wameomba kwa adabu, mwanangu! Niwaambie watoke? Mama yangu angefufuka aje kunichapa."

Mmoja wa wageni hao alidai kompyuta inaumwa, akaomba nywila aitibu. Tsiuri akampa nywila, na pole akampa. Kumbe ni mwizi. Aliingia kwenye akaunti, akamfungia nje mwenyewe, akawa anamwandikia Khatuna kwa jina la mama yake. Binti wa watu akamweleza yote: mgongo unaomuuma, upweke, mambo ambayo mtu humwambia mama tu. Jamani, inauma hata kuyasoma.

Mwishowe mwizi akaomba picha ya pasipoti. Khatuna alikuwa ameshaitoa kabatini, akasita. Siku zote zile mama hakuwa amemuuliza kama amekula! Akampigia jirani wa mama yake, Nazibrola, huku analia. "Mama amekufa mnanificha?"

"Afe wapi? Yuko hapa anawatukana kuku wangu."

TULICHOFANYA

Tsiuri aliona aibu, akajifungia ndani, akaapa hagusi kompyuta tena. Nazibrola akamfuata mpaka mlangoni. "Fungua, wewe! Majambazi wa dunia nzima umewafungulia, mimi jirani yako ndiye unayeninyima?" Tukasikia kicheko, kisha komeo.

Irma akairudisha akaunti na kubadilisha nywila zetu zote. Sasa mtu haingii mpaka apokee namba ya siri kwenye simu yake mwenyewe, hata kitochi. Halafu tukachagua kivinjari kipya, na tulikihoji kama mchumba aliyekuja kuposa. Kinajisasisha chenyewe? Kinawazuia wanaotunyemelea ukurasa hadi ukurasa? Kitatuonya tukikaribia tovuti bandia? Aliyekitengeneza anapata riziki kwa kuuza habari zetu au kwa njia nyingine? Mwenzetu Lamara alitaka kile chenye alama ya kupendeza. Akaambiwa, "Ndivyo ulivyomchagua mumeo, na tumeona." Tukachukua kile kigumu, kisichotufungulia kila anayebisha.

Hata hivyo kuna vidirisha ambavyo bado vinauliza. Tsiuri huvaa miwani, akasoma mpaka neno la mwisho, akabonyeza Zuia. Kila mara utamsikia ananong'ona, "Nisamehe, mwanangu."

TUNACHOOMBA

Umesema chumba kifungwe kwa usalama wetu, kiwe stoo ya manispaa, na umetuomba turidhie leo. Tunaamini unatutakia mema. Lakini Mheshimiwa, mwizi alimfungia Tsiuri nje ya akaunti yake, akamkatia mawasiliano na binti yake. Kufuli lako nalo litamkatia mawasiliano na binti yuleyule. Yeye atajuaje tofauti?

Ombi lako tumelisoma mpaka neno la mwisho, na jibu tumemwachia Tsiuri alitunge. Ametuambia tuandike: Zuia. Nisamehe, mwanangu.

Kesho ni Jumapili. Khatuna atabisha hodi, na tunaomba amkute mama yake.

Mungu akushushe mlima salama, awape wanao afya, na mabinti zetu awarudishe nyumbani tukingali na macho ya kuwaona.

Tulidhani tumemaliza, ila Tsiuri ametuvuta nguo hapa. Anasema kabla hujajibu lolote tukuulize, maana umetoka mbali na asubuhi ilikuwa baridi: umekula, mwanangu?

Ni sisi,
Kikundi cha Akina Mama wa Chumba cha Kompyuta,
Maktaba ya Zemo Nakhuri