Mwalimu Alphonse Mumba na Hesabu ya x

Alphonse Mumba alizaliwa tarehe 14 Machi 1905 karibu na Kongolo, mtoto wa kwanza wa fundi wa reli. Mjane wake, Mama Virginie Chomba, ameomba tusimpambe kwa sifa. Tumemtii.

Alisoma kwa mapadri hukohuko, na mwaka 1926 akaja Élisabethville kufundisha hesabu katika shule ya misheni. Somo alilolipenda kupita yote ni kuitoa x ibaki peke yake. "Unachoondoa huku, ondoa na kule," aliwaambia wanafunzi, na hata wazito walimwelewa.

Alifunga ndoa na Virginie mwaka 1929. Jioni moja alimfundisha somo hilo kwa maharagwe mabichi juu ya mkeka, wakacheka mpaka mboga ikaungua jikoni. Walijaliwa Constantin, kisha Marceline.

Kwa mwanawe hakuwa na kicheko. Juni 1944, wakati wa baridi, alimwandikia Constantin ubaoni: 3x + 5 = 20. Mtoto akaivusha tano bila kugeuza alama, akapata 3x = 25. Alphonse akampigisha magoti uani, juu ya changarawe, kifua wazi.

"Baba Constantin, mutoto anakosa alama moja tu," Virginie alimwambia.

"Alama moja inaharibu yote. Atabakia pale mpaka x ibakie yenyewe."

Mtoto alipata jibu, x = 5, meno yakigongana. Baba yake akalifuta, akaandika hesabu nyingine. Virginie alisimama mlangoni na blanketi mkononi, akaogopa kutoka.

Mwaka 1949 Constantin alipanda treni ya kwenda Ndola, akaajiriwa na wapima ardhi, na hesabu zikawa kazi yake ya kila siku. Nyumbani hakukanyaga kwa miaka minane.

Mwaka 1957 mapafu ya Alphonse yaliharibika. Akamwita mwanawe, naye akaja. Mgonjwa hakuomba radhi. Alisema kwa shida, "2x + 7 = 19. x iko ngapi?" Virginie alimjua mumewe, aliona alitaka kumsifu mtoto, japo mara hiyo tu.

Constantin alimtazama sana. "Sijui, baba."

"Ondoa saba, huku na kule," mgonjwa akamsihi.

"Sijui, baba."

Alphonse alifariki kesho yake, tarehe 9 Agosti. Ameacha mjane, binti yake Marceline, wajukuu wawili, na Constantin, ambaye yuko hapa nasi lakini amekataa kubeba jeneza.

Mungu ampumzishe, na awapumzishe pia aliowaacha.