Kiokote na Ndege wa Vijiko

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, fundi wa karakana ya jumba letu la sanaa anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili kazini. Jina lake liko kwenye faili. Sisi tunamwita Kiokote, na huitika upesi kuliko anavyoitika jina alilopewa na wazazi wake.

Aliajiriwa kupaka kuta rangi. Kisha jumba likapokea sanamu za vitu vilivyotupwa: miguu ya viti, vifuniko vya chupa, simu zilizokufa, minyororo ya baiskeli. Sanamu hizo hazikukoma kudondosha vipande, naye akapewa kazi ya kuzitibu. Sharti lake lilikuwa moja: kitu cha dukani hakigusi sanamu. Kijiko kikidondoka, alitafuta kingine kilichokwisha kulisha watu. Ndiyo maana vijiko vya chai ofisini havikai, na mhasibu mpaka leo anamuuliza miwani yake ilikoenda.

Nyumbani nako hakukusalimika. Siku moja ya maonyesho, mkewe, shemeji yetu, alisimama mbele ya ndege mkubwa wa vijiko na mabati, akauona upawa wake kwenye bawa. Alikuwa ameutafuta wiki nzima na kuwagombeza watoto bure. Tulidhani ndoa imevunjika. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini, na tangu hapo akawa anavileta mwenyewe vilivyochakaa: pasi, kitasa, vifungo, chanuo lililong'oka meno. Alipofariki, nyumbani hakikubaki cha kumkumbukia. Vyote vilikuwa kwa yule ndege.

Mwaka huu ukumbi wa sanamu umevunjwa kupisha maegesho ya magari. Kiokote, ambaye hajawahi kuomba hata ruhusa ya kuondoka mapema, aliomba apewe ndege yule tu. Kamati ikajibu kwamba mali ya jumba haigawiwi mfanyakazi. Wiki iliyofuata gari la vyuma chakavu likamchukua ndege pamoja na sanamu wenzake.

Sisi wa karakana tulilifuata. Tulifika maji yameshamwagika: mashine ilikuwa imebana kila kitu, na hapakuwa na mtu wa kutuonyesha bawa liko wapi. Tuliporudi kumweleza, alisema, "Basi, ndugu zangu. Mlikwenda, nimeona." Akaendelea kufagia.

Maneno ya kuaga huhitaji furaha, nasi tumeitafuta tukaikosa. Asante, kaka, kwa kazi ambayo hatuna hata kipande chake cha kuwaonyesha watakaokuja. Tunakutakia afya na siku za utulivu. Wewe ulimzika shemeji mara moja. Sisi tumemzika mara ya pili, na hata kaburi hatukukuachia.