Ondina, Binti wa Gildo Aliyechelewa

Ndugu waombolezaji, majirani wa Paluzza na askari wa Brigedi yetu ya milimani, mimi Silverio, mume wake, nimeombwa na familia niwasomee maisha ya Ondina Plazzotta.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1943, hapa Paluzza, kijijini kwetu kaskazini mwa Italia, mtoto pekee wa Catine na Gildo. Bibi yake aliwapandishia askari wa milimani risasi kwa kapu la mgongoni katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Katika vita vya pili baba yake, Gildo, alipigana Ugiriki na Brigedi, kisha akapelekwa Urusi Agosti 1942, na Januari iliyofuata, Brigedi iliporudi nyuma kwa miguu, wenzake walimwona mara ya mwisho kwenye theluji, akimvuta nyumbu wake wa mizigo. Mwili haukupatikana.

Kila Septemba Brigedi hukusanyika kwenye mnara wa kumbukumbu ya mashujaa, majina ya waliokufa vitani huitwa, na walio hai huitikia pamoja, "Yupo." Catine alikataa jina la mumewe kuitwa. "Anayeitwa pale amekufa," alisema. "Wangu amechelewa tu." Alipofariki mwaka 1978, Ondina aliendelea kukataa.

Alisoma hapa, kisha chuo cha ualimu Udine, akafundisha shule yetu ya msingi kuanzia 1962 hadi 1999. Tulifunga ndoa tarehe 3 Septemba 1966, baada ya Catine kunitazama mabega na kuuliza, "Umesoma, sawa, lakini kuni utabeba?" Nilibeba, vibaya, na Ondina alinicheka hadi uzeeni.

Tulijaliwa mtoto mmoja, Ermes, aliyejiunga na Brigedi akaenda Afghanistan mwaka 2010. Miezi yote ile mama yake hakufunga mlango wa mbele kwa ufunguo, asije akarudi akaukuta umefungwa, na mimi sikumwambia aufunge. Ermes alirudi salama.

Mwaka 2016 Ondina alianza kupoteza kumbukumbu, madaktari wakatueleza kwa upole kwamba hawana dawa ya kuirudisha. Alisahau wanafunzi wake, akanisahau mimi. Jioni moja Ermes aliingia na sare yake, kofia ya Brigedi yenye unyoya kichwani, naye Ondina akamshika mkono.

"Baba, umechelewa," alisema.

Ermes alinitazama, kisha akamgeukia mama yake.

"Theluji ilikuwa nyingi, mwanangu," akamjibu.

"Haya, kaa ule. Mama alijua utakuja."

Tangu siku hiyo hakumngojea mtu tena. Alifariki nyumbani alfajiri ya tarehe 11 Novemba 2021.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea supu bila kuombwa, na walimu wenzake. Ermes ameomba kwamba leo, baada ya mazishi, jina la Gildo Plazzotta liitwe kwa mara ya kwanza. Sijui kama Ondina angekubali, na wa kumuuliza hayupo. Likiitwa, naomba tuitikie sote.

Pumzika, Ondina. Mlango nimeufunga.