Yule wa Goti

Umeme ulikatika mtaa mzima jua likianza kupoa, na mzee Wembe, kinyozi, akatoka kuketi kwenye benchi la nje ya duka lake, kitana bado mkononi. Nyuma yake akatoka mteja, fundi mwashi, na shuka la kunyolea shingoni; upande mmoja wa kichwa unang'aa, upande wa pili ni msitu. Kabla hajakaa alishapewa jina jipya: Nusu. Shangazi muuza kahawa akamimina. Wakili naye akasogea, ambaye kazi yake hasa ni kutengeneza mabomba, ila hajawahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza. Ligi ilikuwa mapumzikoni, kwa hiyo kutwa nzima walikuwa wametazama tenisi kwenye televisheni ya kinyozi. Televisheni hiyo iliwahi kuanguka kutoka ukutani, na tangu hapo haitoi sauti, na chini ya kioo, pale panapoandikwa majina na matokeo, ni weusi mtupu. Kwa mpira wa miguu haina shida, maana redio ya jirani hutangaza kila kitu. Tenisi, jirani hana habari nayo. Basi Wembe akampenda mchezaji mmoja mwenye mvi na bendeji gotini, akampenda kwelikweli, na umeme ukaondoka yule bwana akiwa amenyanyua raketi.

— Nauliza tena, alisema Wembe. Wa Goti alikuwa anashinda au anashindwa?

— Anashindwa, alisema Wakili. Alibadilisha fulana. Mtu anayeshinda habadilishi fulana, anaogopa kuivua bahati.

— Na yule kijana wa upande wa pili?

— Yule alibadilisha soksi. Soksi hazihesabiwi.

— Mimi nilikuwa namtazama mama wa kijana, alisema Shangazi. Kila mara anafunika uso. Mwanao akishinda utafunika uso kwa nini?

— Umejuaje ni mama yake?

— Nani mwingine atakaa juani kutwa bila kulipwa?

Nusu alikung'uta nywele kwenye shuka.

— Nyinyi mnahangaika bure. Mtu wa kumtazama ni refa, yule wa juu ya kiti kirefu. Kila akimtazama Wa Goti, anakunywa maji.

— Ana kiu.

— Anaficha kicheko. Kwa hiyo mzee wetu anashinda, na refa ni shemeji yake.

— Shemeji wapi, alisema Wakili. Siri iko kwenye shingo za watazamaji. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Upande zinakochelewa ndiko kwenye ushindi. Mimi tangu asubuhi natazama shingo tu, mpira sijauona hata mmoja.

Wembe alicheka na wenzake, ila moyo ulikuwa umemkaa juu. Asubuhi, binti yake alipokuwa akimkanda goti, alimwambia, "Baba, mguu huu haukubali tena kusimama kutwa. Funga duka, upumzike." Akaahidi kumjibu jioni. Halafu akamwona yule mwenye mvi akikimbilia mipira ya kufukuzwa na vijana, akajiwekea nadhiri kimyakimya: huyu akishinda, kesho nafungua. Alijua ni utoto. Hata hivyo alitaka kujua, na alitaka sana.

Dereva wa pikipiki akaegesha, akaagiza kahawa, akasikiliza kidogo.

— Sasa hayo ndiyo ya kubishania? Si yamo kwenye simu? Akaitoa mfukoni, akabonyeza. Haya, matokeo yote ya leo haya hapa. Anaitwa nani?

Wakili alitazama ndani ya kikombe chake. Nusu akajikuna upande wenye nywele.

— Wa Goti, alisema Shangazi.

— Jina lake.

— Ana bendeji mguu wa kushoto, alisema Nusu.

— Wa kulia, alisema Wakili.

— Humu hawajaandika magoti. Anacheza na nani?

— Na Wa Soksi.

Dereva aliwatazama mmoja mmoja. Wembe aliona aibu. Kutwa nzima anampenda mtu, na wakikutana njiani hajui amwiteje.

— Nisomee walioshinda, alisema hatimaye. Walioshinda tu.

Dereva akasoma, akijikwaa kwenye majina marefu ya watu wa mbali. Wembe alisikiliza ameinamisha kichwa. Lilipofika jina moja ambalo dereva alilirudia mara mbili ndipo likatoka, akanyanyua kitana.

— Huyo.

— Umejuaje?

— Ndiye.

Wakili alifungua mdomo, na benchi zima likasubiri pingamizi. Akauona mkono wa mzee ukilisugua goti, polepole, na mzee mwenyewe hana habari kama anasugua.

— Ndiye, alisema Wakili. Hata ile fulana ilikuwa ya ushindi.

— Nilisema mimi, alisema Shangazi, akamjazia Wembe kikombe.

— Na mimi je? aliuliza Nusu. Umeme haurudi huu. Nikaingie kwa mke wangu hivi?

Wembe alivua kofia yake, akamvisha, akaivuta mpaka ikafunika pande zote mbili.

— Njoo kesho asubuhi, alisema. Nitakuwa nimefungua.