Torben Hajatikisa Kikombe

Baraza letu la Ibra, hapa Omani, ni kiti cha nyuma cha Land Cruiser kilichoegemezwa ukuta wa fundi kanzu. Kila alasiri tunakikalia wanne: Mzee Shamsi, aliyechimba visima ujana wake wote, Majid, tunayemwita Wizara kwa kuwa amestaafu serikalini ila mdomo haujastaafu, Ayoub, jina lake Kamusi, ambaye simu yake inajua kila kitu na mwenyewe hajui, na mimi mmimina kahawa, nisiyeulizwa kitu. Jana Shamsi alikuja uso umemshuka. Torben, mtu wa Denmaki aliyechimba naye visima Mudhaibi miaka kumi, anatimiza themanini. Binti yake kaandika kwamba tangu baba apigwe na kiharusi, Kiingereza chote kimemtoka, kimebaki Kidenmaki tu, na rafiki zake wa zamani anawasahau mmoja mmoja. Shamsi alete salamu fupi ya Kidenmaki, baba asomewe kwenye sherehe saa kumi na moja zetu. Na ilikuwa kumi na nusu.

— Nimeandika “I miss you”, alisema Shamsi. Kamusi, nigeuzie, yallah.

— Babu, hii neno “miss” iko na maana nyingi. Kuna ya kukosa shabaha. Kuna ya kuachwa na basi. Kuna ya mwanamke hajaolewa. Kuna ya hamu.

— Tia ya mwanamke, alisema Wizara. Ina adabu. Barua yoyote ya maana huanza na cheo.

— Torben ana ndevu mpaka kifuani, yakhe!

— Kwa miaka themanini, cheo chochote atapokea.

Kamusi akaandika sentensi nzima. Simu ikatoa “Jeg savner dig”.

— Khalas, peleka, nilisema. Hakuna aliyenisikia.

— Ngoja! Wizara alikuja juu. Tutajuaje ni ya hamu? Irudishe kwa Kiswahili.

Ikarudi: “Nimekukosa.”

— Umeona? Mgonjwa wa watu ataambiwa ulimlenga bunduki ukamkosa! Siku yake ya kuzaliwa!

— Labda kule hamu hakuna, alisema Kamusi. Baridi ile, watu wote wako ndani. Utamtamani nani na yuko chumba cha pili?

— Basi hati ipite ubalozini, igongwe muhuri.

— Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, Wizara! alisema Shamsi.

Wallahi niliwachukia wote wawili, kwa sababu Shamsi alikuwa ameiweka simu gotini kama aliyekata tamaa.

Ndipo akaja Hafidha, dada wa Tanga anayefanya kazi kwa Wizara, kufuata chupa yetu ya kahawa, mali ya mke wa Wizara.

— Shikamooni.

— Marahaba.

Akaelezwa kisa chote, Wizara akikieleza kwa vifungu. Hafidha akamgeukia Shamsi.

— Kwani baba, kule visimani, mlikuwa mnaambianaje kama mnapendana?

Shamsi akaitazama chupa mkononi mwangu.

— Hatukuambiana, alisema Shamsi polepole. Nilikuwa nammiminia kahawa. Nikamfundisha: ukitosheka, kitikise kikombe, mmiminaji ataacha. Miaka kumi hakutikisa hata siku moja! Kusudi. Ananyoosha kikombe, anacheka, namimina mpaka birika likauke.

Akanipokonya chupa. Akamimina kahawa yote iliyobaki kwenye kikombe kimoja, akasimama, akakiweka kitini mahali pake mwenyewe. Hafidha akashika simu, akapiga video.

— Torben, alisema Shamsi kwa Kiswahili. Hujatikisa.

Hafidha akaituma kwa binti. Wizara akanyoosha mkono kukichukua kile kikombe, Shamsi akampiga kibao cha vidole.

Saa kumi na moja na robo binti akaleta video yake. Mzee mwenye ndevu nyeupe, kofia ya karatasi kichwani, anatazama simu. Anatazama sana. Kisha:

— Shamsi!

Akacheka, akainua kikombe chake kitupu, akakinyoosha kwetu. Mkono ulikuwa unatetemeka, na kikombe kikatikisika huku na huku.

— Anatikisa! alisema Wizara. Ametosheka.

— Mkono ndio unaotikisika, alisema Shamsi, machozi yanamtoka waziwazi. Yeye hajatikisa.

Hafidha hakungoja kuambiwa. Aliichukua chupa, akaenda kuijaza.