Hakusema Mafuta Gani

Kijiwe chetu ni kiti cha nyuma cha minivan. Minivan yenyewe ilikufa hapa hapa Buffalo, Marekani. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu iliila kwa chini, kidogo kidogo, hadi siku moja gurudumu likaamua kwenda zake peke yake. Waliokuja kuikokota niliwaambia gari chukueni, kiti niachieni. Mke wangu hajanisamehe mpaka leo, maana kiti kimejaza kibaraza chote cha mbele, lakini mimi sijali. Kibaraza kina vioo, kina kipasha joto kidogo, na kinatazama barabara. Kila Jumamosi asubuhi watu wa mtaa huu wa East Side, wenye akili na wasio nayo, hukaa hapo kunywa kahawa ya tangawizi. Jumamosi ninayoisema ilikuwa mwisho wa Machi 2015. Theluji ilikuwa imegeuka uji wa kijivu, na mbele yetu ilikuwa imeegeshwa pikapu ya Birindwa, ikisubiri kupelekwa kukaguliwa.

Niseme mapema kwa nini tulikuwa tumenuna. Hapa kila gari lazima likaguliwe mara moja kwa mwaka, likifaulu linabandikwa stika kwenye kioo. Mwaka uliopita fundi alijilaza chini ya pikapu hiyo, akachoma chuma kwa bisibisi, akatikisa kichwa. Stika alitoa, ila alisema mwaka ujao bisibisi ikizama, gari liende kwenye chuma chakavu. Sasa pikapu hiyo ndiyo inayotupeleka kiwandani Tonawanda alfajiri. Basi la kwanza hufika huko wakati zamu imeshaanza na msimamizi ameshakunja uso. Stika ikikataliwa, kazi yetu imekwisha, mimi nikiwemo.

Birindwa ni mtu wa Bukavu, mnene, mpole mpaka umguse gari. Tunamwita Papa Louisville, kwa sababu pikapu aliinunua huko Louisville kwa ndugu yake Bagula, akaiendesha mwenyewe kupitia Columbus hadi hapa, na safari hiyo anaisimulia jinsi wengine wanavyosimulia harusi yao. Louisville ni kusini, chumvi wanainyunyiza kwa aibu. Pikapu ilifika huku safi, mtu angeweza kuijua chapa ya kila boliti.

Aliyeanza siku hiyo alikuwa Methodi. Huyu ni Mrundi mwenzangu, tulikulia kambi moja Tanzania, na tunamwita Sabuni, maana kwake hakuna tatizo lisilotaka kuoshwa.

— Mzee Birindwa, hebu sema tena mbele za watu. Chini ulipaka nini?

— Mafuta.

— Mafuta gani?

— Mafuta, Methodi. Fundi alisema mafuta, nikapaka mafuta. Hakusema mafuta gani.

Hapo mke wa Birindwa, Nzigire, aliyekuwa akimimina kahawa, akaweka chupa chini. Nzigire anatunza wazee katika nyumba yao ya kulelea, na subira yote huimalizia huko.

— Nilikuwa na bidon muzima wa mawese, akasema. Noeli tulikula sombe ya maji.

Sombe ni kisamvu, na kwao kisamvu bila mawese si chakula. Jambo lilikuwa hivi. Msimu wa majani kuanguka, fundi alimwambia Birindwa apake mafuta chini ya gari kabla ya baridi. Aliyetafsiri ni binti yake Patricia, ambaye hata ukimwita kula anakuitikia kwa Kiingereza. Patricia alisema, "Oil, Papa. He said oil." Birindwa akarudi nyumbani, na kwake mafuta yasiyo na jina ni mawese. Akachukua lile dumu la Nzigire, akatafuta brashi, akalala chini ya pikapu, akaipaka toka bampa hadi bampa. Baridi ilipoingia, mawese yakaganda yakawa mshumaa. Patricia aliporudi kutoka shule na kuona, alikaa kwenye ngazi akashika kichwa.

— Kwenye bidon iliandikwa nini? Birindwa akauliza. Iliandikwa palm oil. Oil. Miye sikukosea. Miye nilisoma.

Tulicheka, lakini cheko la mtu ambaye Jumatatu hajui atapandia nini. Tangu Desemba, injini ikipata moto, pikapu nzima inanuka kama jikoni. Kule Tonawanda msimamizi alishatoka nje kuuliza nani anapika kwenye maegesho. Mbwa wa jirani amehamia chini ya gari, akiitwa kwao haendi.

Methodi akasema mafuta yoyote ni uchafu, dawa ya chumvi ni maji. Alipokuwa akikaa Hilliard, kule Columbus, alikuwa akipeleka gari lake kila wiki kwenye mashine inayorusha maji kutoka chini.

— Na liko wapi hilo gari? nikamuuliza, ingawa nilijua.

Gari la Methodi lilikatika katikati kwenye taa nyekundu, yeye amekaa, miguu imegusa lami.

— Ile mashine ilikuwa inarudia maji yale yale, akasema. Nililiosha kwa chumvi ya magari ya wenzangu. Kosa halikuwa la kuosha.

Cubaka alikuwa akisubiri zamu yake. Cubaka tunamwita Docteur. Hakusomea udaktari wala umekanika, anapanga maboksi ghalani, ila hakuna ugonjwa asioupa jina. Akasogeza kikombe pembeni.

— Donc, munisikie. Kutu ni mududu. Kwenye baridi inalala, kwenye joto inaamuka. Mutu anaweka gari kwenye garaje ya moto, asubui anakuta imekuliwa. Gari ilale inje, iteseke.

Hilo la garaji nilishalisikia kwa watu wenye akili zao, nikaliacha lipite. Lakini Docteur akipewa nafasi hasimami. Akasema pikapu ya Birindwa ilikulia Louisville, haikuzoea chumvi, kwa hiyo mwili wake haujui kujitetea. Ilitakiwa ichanjwe: unachukua kijiko cha chumvi, unaweka kwenye kona moja ya chuma kila mwezi wa saba, kidogo kidogo, mpaka izoee. Methodi akamuuliza kama na yeye alichanjwa. Docteur akasema ndiyo, alizaliwa karibu na duka la chumvi.

— Na mutaniambia, akaendelea, ju ya nini banamwaga chumvi hata siku hakuna barafu? Miye nimeona. Jua inawaka, lori inamwaga. Bon. Wenye kuuza magari bako na mukono ndani. Chumvi ikila yako, utaenda kwao. Na yale mawese, Papa Louisville, uliwasaidia. Chumvi na mawese ni chakula. Uliwaandalia meza, ilibaki fufu.

Nzigire alicheka hadi akajishika ubavu. Birindwa hakucheka. Alikuwa akiitazama pikapu kupitia kioo, na mimi nikamwonea huruma, na hapo hapo nikapandwa na hasira, si kwa Docteur, kwa chumvi. Chumvi naipenda kwenye mboga. Ya hapa inakula buti, inakula ngazi ya nyumba, inakula zulia, imekula gari langu nikabaki na kiti. Nikasema kama fundi atakataa, Birindwa auze tu, tutaona la kufanya. Nilisema vile kwa kukata tamaa, na nilijua nimekosea kabla sijafunga mdomo.

Birindwa aligeuka.

— Niuze?

— Nimesema tu, mzee.

— Sikia. Siye tulitoka Bukavu na nguo za mwilini. Kwa kambi, kila kitu ulikuwa unapewa, halafu unanyanganywa. Hii gari njo kitu ya kwanza niliitoa mahali moja miye mwenyewe, nikaifikisha mahali ingine, na ilifika muzima. Bagula aliniambia haitafika hata Columbus. Ilifika. Fundi alisema haitamaliza hii baridi. Iko pale. Chumvi ikule barabara yao kama inataka. Hii haitaikula na miye natazama.

Hakuna aliyemtania. Hata Docteur alikoroga kahawa ambayo haikuwa na sukari.

Hapo ndipo aliposema Chimène. Chimène ni mtoto wa dada yake Nzigire, alikuwa ametua Buffalo wiki ile ile kutoka kambini Uganda. Kanisa lilikuwa limempa koti linalofika kwenye vifundo vya miguu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, kikombe mikononi, akitusikiliza kwa heshima ya mgeni ambaye bado anaamini kwamba wenyeji wanajua wanachosema. Muda wote alikuwa akitazama nje, pale chini ya mlango wa dereva, ambapo ukingo wa chuma ulionekana.

— Samahani, papa. Ile nyekundu iko pale chini, ni mawese ao ni kutu?

Tukatazama wote. Kweli, ukingo wote ulikuwa mwekundu, ule wekundu wa machungwa. Mawese yakiganda ni mekundu hivyo hivyo. Kutu nayo ni nyekundu hivyo hivyo. Majira yote ya baridi tulikuwa tumegombania mafuta, maji na chanjo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama kuangalia. Na fundi angeona nini? Angepandisha gari juu, akute tumbo zima jekundu, na bisibisi asingejisumbua kuitoa.

Methodi akamtazama Docteur. Nzigire akainua chupa ya kahawa, akaitikisa, akairudisha mahali pake. Ilikuwa tupu.

Birindwa akaweka kikombe chini, akatoka bila koti. Tukabanana kwenye vioo. Alimsukuma mbwa kwa upole, akalala chali kwenye ule uji wa theluji na chumvi, akajivuta chini ya pikapu mpaka zikabaki buti tu. Alikaa huko kitambo. Alipotoka mgongo wote ulikuwa umelowa, na kidole kimoja kilikuwa chekundu. Akakitazama. Akakilamba.

— Vipi, mzee? Methodi akauliza kutoka mlangoni.

Birindwa alikuwa bado anaonja.

— Mawese iko. Chumvi iko. Na kuna kitu ingine, sijui.

— Hicho kitu kingine ndicho tunachouliza.

— Bon. Mutaniulizia ndani ya gari. Pandeni.

— Twende wapi?

— Kwa fundi. Aweke bisibisi yake chini na siye tuko juu. Akitaka kusema hii gari imekufa, aseme na siye tumekaa ndani.

Sijui sheria ya ukaguzi inasemaje kuhusu watu kukaa ndani, na sikutaka kujua. Nilichukua koti. Methodi alichukua ndoo na matambara, akisema njiani atatafuta pa kuosha, nasi tukamwambia akithubutu atashuka. Docteur, ambaye hata hapandi pikapu hiyo kwenda kazini, alisema mgonjwa hapelekwi peke yake. Nzigire alikaa mbele na chupa yake tupu mapajani. Chimène alikuwa wa mwisho, akajibana nyuma pamoja na koti lake lote, akavuta mlango.

— Lakini ni mawese ao ni kutu? akauliza tena, taratibu, akidhani labda hatukumsikia.

Birindwa akawasha. Tulipokunja kona, lori la mji lilikuwa mbele yetu likimwaga chumvi, na tukaisikia ikigonga chini ya miguu yetu, punje kwa punje. Birindwa hakupunguza mwendo wala hakubadili njia. Kisha injini ikapata moto, harufu ya sombe ikaanza kupanda, na yeye akateremsha kioo ili mtaa mzima uisikie.