Tofu Anachagua Maji ya Moto

Benchi ni langu. Lipo mbele ya duka langu la sigara, mtaa wa Kajimachi, kati ya ndoo ya majivu na mashine ya kuuzia kahawa ya kopo, na marehemu mume wangu ndiye aliyelipaka bluu. Nasema hivyo kwa sababu ukiwasikia hawa wanaume wanaolikalia tangu saa tatu asubuhi utadhani walizaliwa nalo. Wa kwanza ni Gia, aliyeendesha basi la milimani miaka thelathini na moja, na mpaka leo akikaa mguu wake unatafuta breki. Wa pili ni Wembe, kinyozi wa ng'ambo ya barabara, ambaye wateja wamemwishia makaburini lakini maneno hayajamwisha. Wa tatu ni Tofu. Huyu na mkewe wametengeneza tofu, ile jibini laini ya soya, miaka arobaini na nne, saa tisa za usiku wameshaamka kusaga soya, wala hawajalala nje ya nyumba yao hata siku moja, mpaka mwezi uliopita walipoteremsha mlango wa duka wakasema basi. Jumanne hiyo ya Novemba alikuja na vikaratasi vitatu vya matangazo ya nyumba za wageni mkononi, uso umemvimba kama maharage yaliyolowekwa.

Gia: Vipi, umepewa talaka?

Tofu: Bado. Mpaka saa sita.

Wembe: Ee! Hebu kaa hapa, useme polepole.

Tofu: Mwanamke anataka siku mbili milimani, kwenye chemchemi za maji ya moto. Si pa ghali. Pa kawaida tu, unaoga, unakula, unalala. Lakini kasema nichague mimi, na simu nipige mimi. Ikifika saa sita sijapiga, anapanda treni kwa dada yake, waende wao wawili.

Wembe: Na wewe?

Tofu: Mimi nimeambiwa wali uko kwenye friji.

Gia: Wali wa siku ngapi?

Tofu: Hakusema. Ila sanduku alilolitoa ni lile kubwa.

Wakatazamana. Kila mtu akaingiza sarafu kwenye mashine, kahawa moto zikaanguka, kikao kikafunguliwa.

Wembe: Lete hivyo vikaratasi. Penye wazee haliharibiki neno.

Mimi: Yameharibika mangapi hapa hapa, Wembe?

Wembe: Bibi Moshi, uza sigara. Haya, hii ya kwanza tupa. Tazama picha ya chakula: jodari mbichi. Uko juu mlimani, bahari iko mwendo wa saa nne kwa lori, wanakuletea jodari! Anayekudanganya kwenye sahani atakudanganya na kwenye maji.

Gia: Ulitaka wakupe nini?

Wembe: Samaki wa mtoni aliyechomwa kwa chumvi, bado anakushangaa. Na uyoga.

Tofu: Uyoga anakula.

Wembe: Unaona? Tunakwenda vizuri.

Gia: Hatuendi popote. Nyumba ya maji moto haichaguliwi kwa tumbo, inachaguliwa kwa basi. Nzuri iko pale basi linapogeuzia. Dereva anasinzia pale, na dereva hasinzii pabaya. Sasa hii ya pili inasema watawafuata stesheni kwa gari lao. Kwa nini? Ili msiweze kutoroka! Kuku mgeni hakosi kamba mguuni.

Mimi: Kuku katoka wapi tena?

Gia: Ni methali, Bibi Moshi.

Mimi: Najua ni methali. Nauliza inatafuta nini hapa.

Wembe: Mwache. Maji ndiyo muhimu. Lazima yanuke mayai viza. Yasiponuka, hayo ni ya bomba, yamepashwa kwenye sufuria.

Gia: Yakinuka sana nayo balaa. Nilikuwa na abiria, pete yake ya fedha iligeuka nyeusi kwa kuoga mara moja. Mumewe akasema hii ni ishara, akahama kijiji.

Wembe: Hiyo ndogo. Kuna maji meupe kama maziwa ya soya, na mvuke mpaka humwoni jirani. Mteja wangu mmoja aliingia, akamkuta mzee kakaa kimya, taulo kichwani. Akamweleza maisha yake yote: ya mama mkwe, ya kazini, ya kuumwa mgongo. Saa nzima. Mvuke ulipopungua, kumbe jiwe! Mtu kasahau taulo juu yake.

Gia: Na jiwe likamjibu nini?

Wembe: Halikumkatiza, tofauti na wewe. Mpaka leo kila mwaka anarudi kulisalimia, na kikombe cha sake, pombe ya mchele, analiwekea.

Gia: Mimi nimepeleka watu kwenye maji ya kurudisha ujana. Bibi alipanda basi langu na mkongojo. Kesho yake kashuka mbio, mkongojo kauacha kwenye kiti. Mumewe hakuoga, alikuwa na mafua. Sasa kila mahali anaulizwa, mjukuu wako huyo?

Wembe: Umesikia, Tofu? Muoge wote au asioge mtu. Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge.

Nimemfahamu Wembe tangu ana nywele zake mwenyewe, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza methali yake kuangukia mahali pake. Sikumwambia. Angevimba kichwa.

Gia: Wataogaje wote, na wanaume huku, wanawake kule? Halafu alfajiri wenyeji wanabadilisha mapazia ya milangoni. Kulikokuwa kwa wanaume jana, leo kwa kina mama. Huyu na macho yake hayo, ataingia kwa kina mama na taulo kichwani!

Wembe: Si neno. Watadhani ni jiwe.

Gia akapaliwa na kahawa. Mimi mwenyewe nilicheka mpaka nikashika mlango. Tofu hakucheka. Kopo lake alikuwa hajalifungua, analizungusha tu viganjani.

Tofu: Ninyi mnafanya mchezo. Miaka arobaini na nne tunatoka mara moja, na mara yenyewe ndiyo hii. Nikikosea, basi hiyo ndiyo ilikuwa safari.

Nikaangalia saa yangu ya dukani: saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Mimi: Unaitaka ipi wewe? Si Wembe, si Gia. Wewe.

Akaitoa ya tatu, ile ambayo hakuna aliyejisumbua kuisoma. Karatasi imechapwa vibaya, wino umetapakaa. Jina lake Iwana-ya, vyumba sita, choo cha pamoja, godoro unajitandikia mwenyewe. Picha ilikuwa moja tu, ya upenuni, figili ndefu nyeupe zimeanikwa kwenye kamba, safu juu ya safu.

Wembe: Bwana wee! Hawana hata picha ya bafu!

Tofu: Wana figili.

Gia: Figili si hata kwako zipo?

Tofu: Kwangu anazianika yeye. Kila Novemba anaziosha kwa maji ya baridi, mikono inampasuka. Hizi kazianika mtu mwingine. Nataka akae, azitazame tu.

Methali haikupatikana. Nikachukua simu yangu, nikabonyeza namba, nikamshikisha Tofu. Sauti niliifungulia yote, kwa sababu mashine ya soya ilimla masikio zamani. Yeye akasimama, akainama mara mbili kuisalimia simu.

— Iwana-ya hapa, karibuni, ikasema sauti ya mwanamke, nyuma yake vyombo vinagongana.

— Nataka chumba, akapayuka Tofu. Kesho na kesho kutwa. Watu wawili.

— Kipo, baba. Naomba majina, tunaandika la kila mgeni kwenye karatasi ya vijiti vyake vya kulia, asije akakaa pa mwenziwe.

— Kumagai Tokuji.

— Asante. Na wa pili?

— Mke wangu.

— Ndiyo, baba. Anaitwa nani?

Tofu akafungua mdomo, ukabaki wazi. Akatugeukia.

— Shemeji, akanong'ona Gia.

— Mama Tofu? akasema Wembe, na yeye mwenyewe akaona haya.

Wakanitazama mimi, mwanamke mwenzake. Miaka thelathini nimebadilishana naye kachumbari mlangoni. Bi Tofu, habari za asubuhi. Bi Tofu, mvua hiyo. Sikuwa na zaidi.

— Wewe hulijui? nikamuuliza.

— Nalijua! Aliziba simu kwa kiganja, jasho linamtoka. Nitakosaje kulijua? Ni mdomo tu haujalizoea.

— Nyumbani unamwitaje?

— Oi.

— Oi?

— Oi. Anakuja.

Kama mtu anayesimamisha mkokoteni. Wembe akauliza, kwa heshima zote, kama yule mama aandike Oi kwenye karatasi ya vijiti.

— Halo? ikasema simu. Baba, upo?

— Nipo. Subiri kidogo. Halafu akatwambia sisi, sauti chini: Siwezi kuanza kulitaja kwa mtu baki. Miaka yote hiyo, halafu wa kwanza kulisikia awe mtu baki?

Akaniachia simu mkononi. Akavuka njia, mgongo umenyooka kama anakwenda kupigwa picha, akasimama mbele ya mlango wa bati wa nyumba yake, uliofungwa nusu. Tulimwona akivuta pumzi. Akafunga macho.

— Fusae!

Mtaa mzima ulisikia. Mbwa wa duka la mchele akanyanyuka.

— Nimelipata, ikasema simu mkononi mwangu. Fusae. Nimeandika.

Ndani ya nyumba mfuniko wa sufuria ukaanguka, ukazunguka sakafuni mpaka ukatulia wenyewe. Halafu tukasikia kandambili zinakuja mbio, na sauti ya mkewe, imejaa hofu:

— Nani kafa?